Mshono wangu ulikuwa mzuri mpaka ulipokunjwa

Chuo cha kwanza nilichojiandikisha kilikuwa na mashine 2 za kuchomelea na wanafunzi 28. Siku ya kulipa ada sikuziona mashine hizo. Nilionyeshwa ukumbi uliopakwa rangi mpya, picha za vijana wenye kofia nyeusi huku cheche zikiruka, na karani mwenye maneno matamu aliyeniambia kozi ni miezi 6 na kazi zipo tele. Nikalipa. Wiki ya pili tulipoingia karakana ndipo nilipopiga hesabu niliyopaswa kuipiga nikiwa bado mlangoni: watu 14 kwa mashine 1, kipindi cha vitendo saa 3, kila mmoja anapata dakika 12 na ushei. Toa muda wa kupokezana kofia ya kukinga uso, kubadilisha kijiti cha kuchomelea na kumsubiri mwalimu apite, zinabaki kama dakika 7 za moto. Vitendo vyenyewe vilikuwa mara 2 kwa wiki.

Nilikaa pale muhula mzima kwa sababu ya aibu tu. Nilikuwa nimeacha kazi ya kuhesabu mizigo ghalani nikiwa na miaka 31, dada yangu alikuwa amenikopesha sehemu ya ada, na sikuwa na uso wa kurudi kumwambia nimeingia mkenge. Nilipomwambia hatimaye, hakunigombeza. Aliuliza tu, "Sasa hizo zilizobaki unazitia wapi?" Hela zilizobaki zilikuwa chache, na za muhula ule sikurudishiwa hata senti.

Siku hizi mtu akiniuliza achague chuo gani, namwambia asihangaike kwanza na urefu wa kozi. Aulize vibanda vya kuchomelea viko vingapi, kila kibanda kina wanafunzi wangapi, na kama vyuma na vijiti vya mazoezi viko ndani ya ada au utaambiwa ujinunulie. (Pale kwetu vijiti vilikuwa vinaisha katikati ya wiki, tunachangishana kama wafiwa.) Aende siku ya vitendo, si siku ya maonyesho. Akifika, kabla hata ya kutazama mashine, achungulie pipa la vyuma chakavu. Akikuta vipande vya wanafunzi vimekatwa katikati, vimekunjwa, vimevunjwa kwa nyundo, basi hapo yupo mtu anayefungua kazi za wanafunzi na kutazama ndani. Akikuta vipande vizima vizima, vimechomelewa na kutupwa, ajue hapo watu wanafundishwa kupendezesha.

Mimi nilifundishwa kupendezesha, na kuliondoa hilo mkononi kulinichukua muda mrefu kuliko kujifunza upya.

Chuo cha pili nilikipata kwa kuambiwa na fundi mmoja aliyekuwa akitengeneza mageti. Hakikuwa na ukumbi wa rangi mpya. Kilikuwa na vibanda 9, wanafunzi 11, na mwalimu mmoja mtu mzima aliyekuwa na kovu refu mkononi na asiyependa maswali ya asubuhi. Nilijitambulisha kuwa mimi si mgeni, nimeshasoma muhula mmoja. Akanipa bamba, nikapiga mshono mmoja wa kulala, mrefu kama kiganja. Ulitoka mzuri, mawimbi yamepangana kama magamba ya samaki. Akautazama, akausogeza kando, akanipa tupa na rula ya kona. Kwa siku 10 zilizofuata sikugusa moto.

Niliona ananidharau. Wenzangu wa miaka 18 na 19 walikuwa wakicheka chinichini wakiniona nikipiga tupa ukingo wa chuma na kupima kama umenyooka. Lakini siku zile 10 ndizo zinazonilisha leo. Kazi ya mchomeleaji kwa sehemu kubwa haina moto: ni kupima, kukata, kusaga ukingo, kuondoa rangi na kutu na mafuta mpaka chuma king'ae, kubana, kupiga pointi za kushikiza, kupima tena. Moto ni dakika chache katikati. Ukichomelea juu ya rangi, rangi inageuka gesi, gesi inanaswa ndani ya mshono, na mshono unatoka na matundu kama sifongo.

Kuna jambo moja hakuna aliyeniambia kabla: chuma kikipoa kinavuta. Kazi yangu ya kwanza ya kweli ilikuwa fremu ya pembe nne. Niliipima vizuri, nikaipanga sakafuni, nikaanza kona ya kwanza nikamaliza kabisa, nikaenda ya pili, ya tatu. Kufika ya nne, ncha hazikutani, zimeachana karibu upana wa kidole, na fremu nzima imejipinda kama kiti kibovu. Mwalimu akaninyanyulia kona moja kwa mguu, ikayumba. Tangu siku hiyo napiga pointi kona zote kwanza, napima mshazari kwa mshazari, kisha narukia kona iliyo mkabala, kidogo huku kidogo kule. Ukienda kwa kuzunguka mfululizo, umekwisha.

Tulipofika kwenye moto, nikagundua kwamba muhula mzima nilikuwa natazama kitu kisichofaa. Nilikuwa natazama mwanga. Mwanga ule unavutia macho hata kupitia kioo cheusi, na mwanafunzi mgeni anaufuata kama nondo. Cha kutazama ni kidimbwi: chuma kilichoyeyuka kinachotembea nyuma ya ncha ya kijiti. Kina ukingo, kina umbo, na juu yake slegi, yaani takataka za ganda la kijiti lililoyeyuka, inaelea kama utando mzito, rangi yake tofauti na ya chuma. Ukishaweza kutofautisha slegi na chuma, unajua mshono unashika wapi na wapi unateleza juu tu. Ilinichukua wiki 3. Siku nilipokiona kidimbwi mara ya kwanza nilisimamisha kazi nikavua kofia, nikajiona kama mtu aliyepewa miwani yake ya kwanza.

Na sauti. Kijiti kikiwa kwenye umbali sahihi, karibu sawa na unene wa waya wake, kinalia kama mvua ya rasharasha juu ya bati, bila kukatika. Ukikivuta mbali, sauti inakuwa pana na cheche zinatapakaa. Ukikisukuma sana, kinaguna, kisha kinanasa. Kikinasa usikivute kwa nguvu ukiwa umeinua kofia, kama nilivyofanya, kwa sababu kikibanduka kinawaka usoni mwako. Kizungushe kwa kuipinda holda, kile kishikio cha kijiti, ikishindikana kiachie.

Kuhusu ampea, yaani kipimo cha umeme unaopita, kijiti cha milimita 3.2 hufanya kazi kwa kawaida kati ya 90 na 140, kutegemea aina na mkao wa kazi, kulala, wima au kwa juu. Pakiti yake imeandikwa. Mimi sikuwahi kusoma pakiti. Nilikuwa naacha mashine pale ilipoachwa na mwenzangu aliyetangulia, halafu nalaumu mkono wangu.

Sasa niseme la macho. Lilitokea mwezi wa pili, na kosa ni langu. Mwenzangu aliniomba nimshikie bamba apige pointi 4 au 5. Kofia yangu ilikuwa kwenye kibanda changu, hatua kama 10. Akasema, "We fumba macho tu." Nikageuza uso, nikafumba, lakini kati ya pointi na pointi nilikuwa nachungulia kama bamba limekaa, na mara 2 akawasha kabla sijageuka. Ilikuwa saa 10 jioni. Sikusikia kitu. Nikaenda nyumbani, nikaoga, nikalala.

Saa 6 usiku niliamka nikidhani mtu amenimwagia mchanga machoni. Si maumivu ya kawaida. Kila ukifumba ni mchanga, ukifumbua ni kisu, machozi yanatiririka bila kulia, na hata mwanga wa simu ni adhabu. Sikujua kama nimepofuka. Nilimwita dada yangu kwa kugonga ukuta. Asubuhi alinishika mkono kama mzee mpaka kwa daktari, kitambaa kimefunikwa usoni. Daktari hakushangaa. Alisema miale ya moto ule huunguza ngozi ya juu ya jicho kama jua kali linavyounguza ngozi ya mwili, na maumivu huja saa kadhaa baadaye, ndiyo maana watu hawaunganishi kosa na malipo. Alinitia matone ya ganzi ili aweze kunipima, na yalikuwa raha ya peponi. Nikamwomba chupa niende nayo. Akakataa: yakitumiwa ovyo nyumbani yanachelewesha jicho kupona na yanaweza kuliharibu. Nilikaa gizani siku 2, nikapona. Wanaokupa dawa za kuokoteza za kutia machoni waache na dawa zao.

Hatua 10 zile nimezihesabu mara nyingi. Na ujue kwamba kibanda cha jirani nacho kinaweza kukuunguza, kwa sababu mwanga unagonga ukuta wenye rangi inayong'aa na kurudi. Kwa ampea tulizokuwa tunatumia, kioo cha giza namba 10 au 11 kinatosha. Kofia inayojitia giza yenyewe ni nzuri na inarahisisha kuanza mshono pale unapotaka, lakini kama hela ni ndogo, kofia ya kawaida yenye kioo halali inakulinda vilevile. Usinunue miwani ya jua ukajidanganya.

Hela ziliponiishia mapema, sababu ilikuwa pupa. Mwezi wa kwanza wa chuo cha pili, kabla sijajua hata aina za vijiti, nilinunua mashine yangu ndogo ya kubeba begani ili nifanye mazoezi nyumbani na, nilijiambia, nichukue vikazi. Kwenye boksi iliandikwa ampea 160 kwa herufi kubwa. Kwa herufi ndogo pembeni iliandikwa asilimia 20. Sikujua maana yake. Maana yake ni kwamba kwenye ampea hizo 160, katika kila dakika 10, mashine inachomelea dakika 2 na kupumzika 8. Nilikuwa nawasha kijiti cha 3.2, nusu yake inakatika, taa ya njano inawaka, nakaa nasubiri. Nilichukua kazi ya mtu ya siku 1 ikawa ya siku 3. Bei ya ile mashine ingeninunulia buti za ngozi, glavu, koti na kofia nzuri, vitu ambavyo ndivyo nilivyokuwa nahitaji, na chenji ingebaki.

Buti hizo nilizikosa, nikawa navaa viatu vya kamba. Tulipoanza kuchomelea kwa juu, kichwa kimeinuliwa, tone moja la chuma lilipita juu ya ulimi wa kiatu likaingia ndani. Kiatu cha kamba hakivuliki haraka hivyo. Niishie hapo tu. Suruali ikae juu ya buti, isichomekwe ndani wala kukunjwa ncha, mifuko ya koti ifungwe, kibiriti cha gesi kisikae mfukoni, na nguo iwe ya pamba au ngozi. Nailoni inayeyukia mwilini.

Kuhusu vijiti, au elektrodi kama vinavyoandikwa, tulianza na E6013, ambavyo ni vipole, vinawaka kwa urahisi na kusamehe makosa. Kisha E7018. Namba hizo si mapambo: tarakimu 2 za kwanza ni nguvu ya chuma cha mshono kwa maelfu ya paundi kwa inchi ya mraba, yaani 60,000 na 70,000, inayofuata, 1, inasema kijiti kinafaa mikao yote, ya mwisho inaeleza ganda lake na aina ya umeme. Ganda la 7018 limetengenezwa liwe na unyevu kidogo mno, kwa sababu unyevu unaleta haidrojeni ndani ya mshono, na haidrojeni inaweza kupasua chuma kigumu saa nyingi baada ya wewe kuondoka. Ndiyo maana vinatunzwa kwenye oveni ya kuvihifadhia, pakiti ikishafunguliwa. Mimi niliacha pakiti iliyofunguliwa juu ya meza wiki nzima ya mvua. Jumatatu nikavitumia, mshono ukaanza na matundu. Mwalimu alichukua pakiti nzima akaitia kwenye ndoo ya mazoezi ya wageni. Pakiti ile niliilipia mimi.

Ikaja siku ya kipimo cha kukunja.

Unapewa mabamba 2 ya unene wa milimita 10. Kila moja unalisaga ukingo kwa mshazari wa nyuzi 30, yakikutana yanafanya mtaro wa V. Chini unaacha mwanya wa kama milimita 3. Yanasimamishwa wima, na wewe unapanda kutoka chini kwenda juu: mshono wa kwanza wa kuziba mwanya, tunauita ruti, kisha mishono ya kujaza, kisha wa kufunika. Mkao huo unaitwa 3G. Nilifanya kazi asubuhi nzima. Kifuniko changu kilitoka kizuri mno, wenzangu walikuja kukipiga picha kwa simu. Nikasimama pembeni nimekunja mikono kama bwana harusi.

Mwalimu akakata vipande vyembamba vya kupita katikati ya mshono, akasaga uso mpaka ukawa sawa na bamba, uzuri wangu wote ukawa vumbi sakafuni. Kipande cha kwanza akakiweka kwenye mashine ya kukunjia uso ukiangalia nje, akapampu mpaka kikawa na umbo la U. Kikakaa salama. Cha pili akakigeuza, ruti ikawa nje. Akapampu mara 3. Mara ya nne tukasikia "tak", sauti ndogo kama ya ukucha. Kikafunguka. Ndani palikuwa na mstari mweusi, umenyooka, karibu nusu ya upana wa kipande. Kinachoruhusiwa ni ufa usiozidi milimita 3. Wangu hukuhitaji rula.

Alinikabidhi kikiwa bado na joto. Akasema, "Hii rangi nyeusi ni nini?"

Ilikuwa slegi. Nilipomaliza ruti nilikuwa nimegonga kwa nyundo, nikapitisha brashi mara 2, nikaona imeng'aa katikati nikaridhika. Pembeni, pale ruti inapokutana na ukuta wa mtaro, palikuwa na vifereji vyembamba na slegi imejificha humo. Nikachomelea juu yake. Sababu ya vifereji vyenyewe ni kwamba ruti yangu ilitoka na mgongo juu, kwa kuwa nilishusha ampea nikiogopa kutoboa. Moto mdogo haukuyeyusha kuta, chuma kikakaa juu tu. Woga mmoja ukazaa kosa, kosa likafichwa na mshono mzuri wa juu.

Nilikasirika siku 2. Sikukasirikia mwalimu, nilikasirikia picha zilizopigwa. Halafu nikaanza tabia ambayo sijaiacha: kila kipande cha mazoezi nikimaliza nakikata na kukitazama ndani. Kinachotosha ni msumeno na jiriwa. Kiungo cha kona kichomelee upande mmoja tu, kisha kigonge nyundo upande wa pili mpaka kivunjike. Palipovunjika patakwambia kama chuma cha chini kiliyeyuka au la. Ukikuta ukingo wa bamba bado una alama za grenda, hapo hukuchomelea, ulipaka. Nilirudia kipimo baada ya wiki 5. Ruti nilisaga kwa grenda yenye jiwe jembamba, taratibu, mpaka mtaro ukawa kama bakuli lisilo na kona. Vipande vyote viwili vilikunjika bila kufunguka. Kifuniko kilikuwa cha kawaida. Hakuna aliyepiga picha.

Cheti nikapata. Hapa karani wa chuo cha kwanza naye alinidanganya, au hakujua: cheti cha chuo hakikuchomelei. Waajiri wengi wa kazi nzito, kama matangi, mabomba na nguzo za majengo, wanakupima wenyewe. Na vyeti vya kupimwa kwa viwango kama ISO 9606-1 cha kimataifa au AWS D1.1 cha Marekani vinataja njia uliyotumia, unene, mkao, bamba au bomba. Ukipimwa kwa bamba huwezi kudai bomba lolote tu. Tena vinataka uthibitisho kwamba umekuwa ukifanya kazi hiyo. Ukikaa zaidi ya miezi 6 bila kuchomelea kwa njia hiyo, karatasi inapoteza nguvu. Kwa hiyo tunza kumbukumbu ya kazi zako na saini za wasimamizi tangu siku ya kwanza. Mimi sikutunza ya miezi 4 ya mwanzo, na haikunirudia.

Kipimo changu cha kwanza cha ajira nilikianguka kijinga. Karakana ilikuwa kubwa, mashine sizijui, msimamizi kasimama na saa. Nikaona nikiuliza maswali nitaonekana mgeni. Nikawasha. Kijiti cha 7018 kikawa kinarukaruka, kinatema, kidimbwi hakitulii. Nikapandisha ampea, nikashusha, nikalaumu vijiti kimoyomoyo. Baada ya dakika 20 msimamizi akaja, akainama, akanionyesha nyaya kwa kidole. Aliyetumia mashine kabla yangu alikuwa amezigeuza: holda ilikuwa kwenye hasi, klempu ya athi, ile inayobana chuma cha kazi, kwenye chanya, na kijiti kile kwenye umeme mnyoofu kinataka holda iwe kwenye chanya. Kuangalia kungenichukua sekunde 3. Aliniambia kwa upole nirudi siku nyingine, na kwamba fundi asiyeuliza karatasi ya utaratibu wa kuchomelea kabla ya kuanza humtia wasiwasi kuliko fundi mwenye mkono mzito.

Mahali pengine, mwezi uliofuata, niliuliza karatasi, nikaangalia nyaya, nikaomba kipande chakavu cha kujaribia ampea. Walinipa bila neno. Nikapita.

Mshahara wa kuanzia ulikuwa chini ya ule wa ghalani. Na kwa miezi mitatu ya kwanza nilikuwa nasaga na kupiga pointi tu, wengine wakichomelea. Hapo zile siku 10 za tupa zilinitetea, kwa sababu niliokuwa nao wengi walikuwa na mkono wa moto lakini hawajui kupanga kazi ikae sawa. Deni la dada nililimaliza mwaka wa pili.

Kitu kimoja bado kinaniudhi nikikumbuka. Tulipewa reli za ngazi za mabomba yaliyopakwa zinki, ndani ya chumba kisicho na dirisha la maana. Moshi mweupe, unaelea kama pamba. Hakuna aliyesema kitu, nami sikusema. Jioni nikapata baridi, kutetemeka, ladha ya chuma mdomoni, homa ya usiku kucha. Kesho yake jioni imeondoka. Ni homa ya moshi wa zinki, mafundi wa zamani wanaifahamu na wengine wanaizoea, na kuizoea ndilo tatizo. Mwaka 2017 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, liliuweka moshi wa kuchomelea katika Kundi la 1, la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Siku hizi zinki nasaga kwanza pale mshono utakapopita, nikiwa na barakoa yenye vichujio, navuta feni ya kunyonya karibu na kazi, na kichwa changu hakikai juu ya moshi. Msimamizi akisema tunachelewa, nachelewa.

Sasa najiandaa kwa 6G: bomba lililofungwa bila kuzungushwa, limelala nyuzi 45, na wewe unalizunguka kutoka chini mpaka juu ukipita mikao yote ndani ya mshono mmoja. Jaribio la kwanza nilianguka mwezi uliopita. Kosa lilikuwa chini ya bomba, pale penye namba 6 kwenye uso wa saa, nilipoanzia. Ruti ilikuwa imezama. Jumamosi nabaki karakana na vipande vya bomba chakavu, navichomelea viwili au vitatu, navibana kwenye jiriwa, navikata kwa urefu. Cha juzi kilikuwa safi kutoka juu mpaka kufika namba 7. Bado sehemu ya chini.